Folio ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Wamerudisha. Kifurushi chote, kurasa mia mbili na ushee, kimerudi na barua ya aya tatu. Wanasikitika. Hawa wa nje wanajua kusikitika, nadhani wana fomu yake kabisa.

Sababu: utepe umekatwa. Kiapo cha Mzee wa Stoo kilishonwa mahakamani kwa utepe wa kijani, nta nyekundu ikamwagwa juu ya fundo, muhuri ukagongwa nta ikiwa bado moto. Ukishaukata ule utepe, kiapo si kiapo tena, ni karatasi. Na kimewafikia utepe ukiwa umefungwa upya, fundo zuri kama la zawadi ya harusi, nta imepasuka vipande viwili, pembeni kimepigwa stepla. Nani amekata? Jamani, nani? Miezi saba ya kazi!

Ngoja niandike taratibu, labda hasira itashuka. Kampuni ya nje iliiuzia idara ya maji pampu na vali mpya. Hazikuwa mpya. Zilikuwa kuukuu zilizopakwa rangi. Mzee wa Stoo, aliyekuwa akipokea mali pale stoo kuu, alikwangua rangi kwa ufunguo wa baiskeli yake akakuta kutu na namba za zamani. Akakataa kusaini. Muuzaji wao — namwita Bwana Tabasamu, kila picha yake anachekelea — akamwachia kikaratasi nyuma ya hati ya mzigo, kwa mkono wake mwenyewe: nimeshamalizana na mkubwa wako mambo ya chuo cha binti yake, wewe tia saini tu. Mjinga gani anaandika rushwa kwa mwandiko wake? Mjinga aliyezoea. Basi mkubwa wa idara akasaini mwenyewe, binti akaenda kusoma ng'ambo, na Mzee akabeba kitabu cha kupokelea mali na kile kikaratasi akatuletea sisi tunaopambana na rushwa. Shukrani aliyopata ni kufukuzwa kazi na kufunguliwa kesi ya wizi wa nyaraka za serikali.

Kule kwao kuna sheria inayokataza kampuni yao kuhonga watu wa nchi nyingine. Sheria nzuri, inang'aa. Lakini waendesha mashtaka wao wamekubaliana na Kampuni: ilipe faini, isikiri kitu, yaishe. Jaji wao atakaa Jumatatu tarehe 24 kuyabariki. Kiapo kikiwafikia kabla ya Ijumaa tarehe 21, kimeshonwa na kupigwa muhuri inavyotakiwa, jaji atamsikiliza Mzee kwanza. Na akishapokewa kama shahidi kule, hapa watashindwa kumfunga kwa kitabu kile kile alichokitolea ushahidi. Kisipofika, faini itaingia hazina yao, Kampuni itatoa taarifa ya kujipongeza, na Mzee ataingia jela peke yake. Aliyetoa anasamehewa, aliyepokea amepandishwa cheo mpaka wizarani, aliyesema ndiye anayefungwa.

Jioni bomba limekohoa likatoa maji ya rangi ya chai. Mama ameyachuja kwa kitambaa. Kasema angalau leo yametoka.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata. Ni Bi Masjala.

Nimemvua nguo mbele ya ofisi nzima. Yule mama ana miaka thelathini na moja kwenye chumba kile cha majalada, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, sindano na uzi mkononi. Kwake karatasi isiyopewa namba jaladani, ikawa folio, ni takataka, hata iwe imesainiwa na nani. Kasema jalada haliwezi kubaki tupu. Kasema alikata utepe apige nakala, kisha akaufunga tena, na ameufunga vizuri kuliko walivyofunga wao mahakamani.

Vizuri! Nikamuuliza kichwani ana ubongo au ana maji. Mwanamke ninayemwita mama. Wapiga chapa waliacha kupiga chapa. Yeye alivaa miwani akaendelea kushona jalada la mtu mwingine.

Na nimejisikia vizuri, niseme ukweli. Kwa dakika kama ishirini hivi.

Jumatano, 5 Machi

Dokezo namba 38, upande wa kushoto wa jalada. Mwandiko wangu. Saini yangu. Wino wangu wa zambarau ninaouringia. "Bi Masjala, tafadhali usitume kabla ya kuacha nakala ya KILA ukurasa." Kila, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.

Leo siandiki zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nyani haoni kundule. Mimi nililiona jana, usiku kucha sikupata usingizi.

Nilitukana mbele ya watu, nisingeweza kuomba radhi nyuma ya mlango. Nimekwenda masjala saa tatu, wote wamo, nikasema yote. Dokezo ni langu, kosa ni langu, mdomo ni wangu. Bi Masjala aliniacha nimesimama mpaka alipomaliza kushona.

"Ulisema kichwani nina maji."

"Nilisema, mama. Nisamehe."

"Safi, au haya ya bombani?"

Ofisi nzima ikacheka, mimi machozi yakanitoka kama mtoto. Akanivutia kiti. Kumbe alijua tangu juzi kwamba dokezo ni langu. Nikamuuliza kwa nini hakulifungua jalada akanionyesha pale pale. Akasema mtu anayefoka hasomi, angenionyesha ningelichana, na yeye hawezi kukaa na jalada lenye dokezo lililochanika.

Kisha kazi. Utepe haushonwi mara ya pili kwa kiapo kilekile. Lazima Mzee aape upya mbele ya hakimu. Nakala zote zipigwe kabla ya kushonwa. Kabla! Nimeandika kwenye kiganja.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Mzee wa Stoo. Anaishi chumba cha uani kwa binti yake aliyeolewa. Nimemkuta amechuchumaa anabadilisha mpira wa bomba la jirani. Ndiyo riziki yake siku hizi. Miaka ishirini na sita alipokea mabomba ya mji mzima, sasa anaziba moja moja.

Nilijiandaa kumweleza kwa mzunguko. Nikashindwa, nikamwambia moja kwa moja: tumeharibu, inabidi uape tena. Akafuta mikono kwenye suruali. Akauliza kama maneno yabaki yale yale. Yale yale. "Basi hakuna shida, binti yangu. Uongo ndio unaosumbua kurudia."

Binti yake hakunikaribisha kukaa. Ana haki. Kila Jumatatu asubuhi baba yake anakwenda kituo cha polisi kusaini daftari kwamba hajatoroka. Aliniuliza — kwa upole, na huo upole ulinichoma zaidi — na wale waliouza vyuma vya kutu, wao wanaripoti wapi kila Jumatatu?

Nina shahada mbili za sheria, hakuna hata moja iliyonifundisha hilo.

Mzee alinisindikiza hadi barabarani. Akasema nisimjali binti, mwenye uchungu ni yeye. Mke wa Mzee alifariki mwaka jana, kesi ikiwa imeshaanza. Hilo nilikuwa nalijua kutoka kwenye jalada. Kwenye jalada ni nusu mstari.

Jumatatu, 10 Machi

Mahakamani tangu saa mbili. Mzee alitoka kusaini daftari la polisi akaja moja kwa moja kuapa. Asubuhi moja mtuhumiwa, asubuhi hiyo hiyo shahidi.

Karani wa mahakama anasema nta imekwisha. Imekwisha! Nimuagize nani? Hajui. Lini? Hajui. Nikahisi kichwa kinapanda moto, nikakumbuka maji ya Bi Masjala, nikanyamaza. Mzee ndiye aliyeomba lile kopo tupu. Akalikwangua pembeni kwa ufunguo wake wa baiskeli, taratibu, kama alivyokwangua zile pampu, akapata vipande vya kutosha kujaa kijiko. Karani akaviyeyusha. Muhuri umetoka mdogo lakini unasomeka.

Nimekipeleka mwenyewe kwa wasafirishaji. Nimemwambia yule dada wa kaunta kwamba akigusa utepe ule nitamshtaki. Akadhani natania.

Ijumaa, 14 Machi

Kimefika. Utepe mzima, nta nzima. Dada wa Skrini amenithibitishia.

Namwita hivyo kwa sababu sijawahi kumwona miguu. Ni mwendesha mashtaka wa kule, na kwa miezi saba ni kichwa na mabega kwenye kompyuta ya chumba cha mikutano. Tunaongea kwa lugha yao, naandika kwa yangu. Si mtu mbaya. Anafanya kazi nyumba safi, basi anadhani matope ni habari ya kusoma gazetini.

Kasema jaji amekubali. Mzee atasikilizwa kwa video tarehe 24, saa nne ya kwetu, dakika thelathini, kisha jaji ataamua kama makubaliano yasainiwe yalivyo au yarudishwe. Nilitaka kucheza. Halafu akateleza, akataja taarifa kwa vyombo vya habari, kumbe tayari imeandikwa. Inasema sheria haina mipaka. Nikamuuliza katika hiyo faini watu wanaochuja maji kwa kitambaa wanapata nini. Akasema hilo liko nje ya mamlaka yake. Akasema anasikitika.

Mwisho akaniletea fomu. Swali la tisa: je, taasisi yako inaweza kuhakikisha usalama na uhuru wa shahidi hadi siku ya kusikilizwa? Ndiyo au hapana. Hakuna kisanduku cha "tutajitahidi". Hakuna kisanduku cha "mnajua mnamuuliza nani?". Nikijibu hapana, Mzee anafutwa kwenye orodha.

Nimeweka tiki kwenye ndiyo. Kwa wino wa zambarau.

Jumatatu, 17 Machi

Bosi ameandika neno moja kwenye jalada langu. Hifadhi. Tarehe, saini.

Maana yake jalada lirudi kabatini, kazi imekwisha, na chochote kilichopangwa ndani yake kimekufa, pamoja na video ya tarehe 24. Hakuniita wala kuniuliza. Nimelikuta kwenye trei kama bili ya umeme.

Nimeingia kwake bila kugonga. Huyu mtu ndiye aliyenifundisha kazi! Miaka kumi na tano iliyopita alikuwa simba, alimtoa waziri jasho kizimbani mpaka waziri akaomba maji ya kunywa. Leo ananiambia, dada, kaa chini, wewe bado kijana. Nina miaka arobaini na sita. Akasema mkubwa wa idara ya maji siku hizi yuko wizarani, na bajeti yetu inapita mezani kwake. Akasema hawa wa nje wana yao, wameshamalizana wenyewe kwa wenyewe, sisi tunajipendekeza kwenye harusi isiyo yetu. Nikasema bibi harusi ni maji tunayokunywa. Hakucheka.

"Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu," akasema. "Niache nimalize."

Nikamuuliza Mzee wa Stoo amebakiza miezi mingapi. Akaniambia nitoke, na nifunge mlango.

Nimeupiga ule mlango mpaka kalenda yake ikaanguka. Nimeisikia ikianguka. Nimefurahi.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie na Bi Masjala kunywa chai.

Nilimpelekea jalada mwenyewe alihifadhi, amri ni amri. Alisoma lile neno. Akaweka kikombe chini. Akaanza kuhesabu folio, kidole kwa kidole, kama afanyavyo kwa kila jalada kabla halijarudi kabatini. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na mbili.

"Arobaini na moja haipo," akasema.

Nikashtuka. Arobaini na moja ni kile kikaratasi cha Bwana Tabasamu! Asili yenyewe, siyo nakala! Nilikiona Ijumaa kwa macho yangu. Nikaanza kupekua kama kuku anayepekua jalala, chini ya meza, ndani ya trei. Yeye alikuwa anakoroga chai.

"Jalada lenye folio pungufu halifungwi," akasema. "Haliwezi kuhifadhiwa mpaka folio ionekane, au mpaka mkubwa asaini kwamba imepotea mikononi mwake. Na hadi hapo jalada liko hai, kila kilichomo kiko hai. Hiyo sheria ya masjala ni ya zamani kuliko bosi wako."

Nikamtazama. Akanitazama. Mkoba wake wa chakula ulikuwa miguuni, zipu imefungwa, na sijawahi kumwona akifunga zipu ile.

Nikasema, mama, hii inaweza kukutoa kazini. Akasema kwani yeye amefanya nini? Amehesabu tu.

Mimi wakili wa serikali nimetoka pale bila kuona kitu. Ndivyo nilivyo sasa. Naona rushwa ya mtu aliye bara jingine, mkoba ulio miguuni mwangu siuoni. Na bado nina hasira kwamba imebidi tufike huku. Kwamba mama wa watu, mnyoofu kama rula, anajifunza kuficha uzeeni ili ukweli upate wiki moja ya kupumua.

Alhamisi, 20 Machi

Bosi ameshuka masjala mwenyewe. Hajashuka ngazi zile tangu lifti ilipotengenezwa. Bi Masjala amempa fomu ya kusaini kwamba folio imepotea mikononi mwake. Ameisoma mara mbili. Hakusaini. Akaamuru ofisi yote itafute.

Watu kumi na wanne wametafuta siku nzima. Wamepata funguo za gari lililouzwa zamani, barua ya posa, na panya mkavu. Bi Masjala alitafuta kuliko wote.

Mama nyumbani kaniuliza mbona naongea peke yangu. Nikamwambia yote. Mama hapendi kazi yangu, siku zote anasema penye udhia penyeza rupia, dunia iliumbwa hivyo, nitaimaliza mimi? Leo hakusema hivyo. Alitazama ndoo zake tatu pale ukutani. Akasema, huyo mzee mlete ale.

Jumapili, 23 Machi

Mzee alikuja mchana. Tulifanya mazoezi sebuleni, mimi nikiwa jaji, Mama wakili wa Kampuni. Mama ni mkali huyo! Alimuuliza Mzee kama si yeye aliyepaka zile pampu rangi ili amchafue mkubwa wake. Mzee akasema, "Mama, mimi hata nyumba yangu sijapaka."

Kisha akatengeneza bomba letu bila kuombwa. Akamwonyesha Mama mchanga uliokuwa kooni mwa bomba, akamwambia huu unatoka kwenye vali zile zile, anazijua. Mama alikaa na ule mchanga kiganjani muda mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kazi yangu imemwingia akilini.

Kakuta Mzee hana koti. Akaingia chumbani akatoka na la marehemu baba. Mikono mirefu kidogo. Mama kamkunjia tu pindo.

Kesho ni Jumatatu, siku ya daftari la polisi. Nimemwambia asaini saa moja na nusu kisha aje kwangu, saa tatu awe ofisini. Kasema atafika saa mbili na nusu, yeye si mtu wa kuchelewesha mzigo.

Jumatatu, 24 Machi

Saa tatu na nusu. Naandika chumba cha mikutano. Nikiacha kuandika nitavunja kitu.

Saa mbili na nusu hakuja. Saa tatu hakuja. Simu haipatikani. Saa tatu na dakika kumi akanipigia binti yake. Alikwenda kusaini daftari kama kila Jumatatu. Wakamwambia kaa hapo kwenye benchi. Wamefuta dhamana yake. Kisa, eti ameingilia upelelezi wa waraka uliopotea ofisini kwetu. Folio ya arobaini na moja! Mzee ambaye hajawahi kukanyaga masjala yetu!

Binti hakupiga kelele. Alisema tu: koti wamemvua, wamenipa nilishike. Kisha akakata.

Koti la baba.

Na aliyewaambia polisi habari za folio ni nani? Ni mtu wa humu ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimempigia Bosi kwa simu ya mezani, niko ghorofa moja naye, sikuamini mikono yangu nikienda. Hakukana. Alisema mambo yamefikia ngazi nyingine. Akasema saa nne wale wakitokea kwenye skrini, niwaambie shahidi anaumwa. Basi. Neno moja. Wataahirisha.

Hawataahirisha! Nimemtumia ujumbe Dada wa Skrini dakika ile ile, nikauliza tu, je, shahidi akipata dharura? Amejibu kwa adabu zake zote. Jaji ana nafasi leo tu. Kiapo peke yake, bila mtu wa kukisimamia na kuulizwa maswali, hakisomwi. Asipotokea mtu, makubaliano yatasainiwa kabla ya saa sita ya kwetu. Anatumaini yote ni salama? Akanikumbusha swali la tisa.

Salama. Niliweka tiki.

Hasira niliyo nayo sasa siyo ya kupiga mlango. Imetulia. Nawachukia wote. Bwana Tabasamu na mwandiko wake. Mkubwa aliyenunua elimu ya mwanawe kwa koo za watu. Hawa wa nje, wanaovusha pampu mbovu mipakani bila utepe wowote, lakini maneno ya mzee mmoja hayavuki mpaka yashonwe kwa kijani na kumwagiwa nta. Na mimi. Mimi niliyemwambia saini kwanza, kisha uje.

Saa nne kasoro kumi. Fundi ameunganisha mitambo akaondoka. Skrini ni ya bluu. Mbele ya kamera kuna kiti kimoja, glasi ya maji ya chupa, na karatasi niliyomwandikia Mzee kwa herufi kubwa: sema polepole, jibu ulichoulizwa.

Wakili hawi shahidi kwenye kesi yake mwenyewe. Tulifundishwa mwaka wa kwanza. Akikaa kile kiti, anaondolewa kwenye kesi, na kwa hapa kwetu, kazini pia. Mama hana mwingine.

Nampigia. Namweleza kwa sentensi tatu, Mzee kakamatwa, koti kavuliwa, mimi nimeambiwa niseme anaumwa. Nasikia bomba kule nyumbani, linatoka vizuri, Mzee kalitengeneza jana.

"Anaumwa nini?" Mama ameuliza. "Maana ukishaanza uongo lazima uujue wote."

Saa nne kasoro tatu. Bi Masjala ameingia. Hakugonga. Amebeba jalada kifuani na mkoba wa chakula begani, zipu iko wazi. Ameliweka jalada mezani, mbele ya kile kiti, akalifungua. Arobaini. Arobaini na moja. Kikaratasi kipo, kimekunjika kidogo, kinanuka vitunguu.

Nikasema, mama, imeonekana, sasa jalada litafungwa.

Akavaa miwani, akatazama saa ya ukutani. "Nitaandika imeonekana saa sita," akasema. "Sasa hivi ni saa nne."

Amevuta kiti kingine ukutani, amekaa, ametoa sindano na uzi.

Bosi yuko mlangoni. Sijui amefika lini. Anamtazama Bi Masjala, anaitazama folio, ananitazama mimi. Amefungua mdomo. Namjua, atasema "dada".

Skrini imewaka. Chumba kizima cha watu wenye joho. Dada wa Skrini, leo namwona mpaka miguu, amevaa viatu vya chini. Anasema habari za asubuhi. Anauliza kama shahidi yuko tayari, na kama ataanza kwa kutaja jina lake, kazi yake, na alipo.

Nimesogea. Kiti kina baridi. Wanasubiri jina